Jaji Aliporudi Kutoka Semina

Benchi letu hapa Kibirichia liko mbele ya duka la mbegu, na baridi ya huku inaponywa na kahawa ya Jedidah peke yake, ile nyeusi ya tangawizi. Juzi Mbaabu alishindwa kesi ya shamba na dadake Makandi. Kesho yake akaja hapa anacheka, akatununulia kahawa wote. Mimi mtu aliyeshindwa akicheka huwa naogopa. Tulikuwa na Njoka, tunayemwita Wakili kwa sababu aliwahi kuwa shahidi wa kesi ya mbuzi, na mwalimu mstaafu Riungu, tunayemwita Methali.

— Wakili: Mbaabu, umenyang'anywa shamba na unanunua kahawa? Uko sawa kichwani?

— Mbaabu: Nimekatwa kipande tu. Na huyo jaji Mungu ambariki, pamoja na hao waliomrudisha darasani.

— Methali: Jaji mzima na mvi zake arudi shule? Ndio wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa Mombasa!

— Wakili: Hizo semina nazijua. Ni keki na kuogelea.

— Methali: Wapi! Wanafungiwa selo, waoge maji baridi, ndio wajue kufungwa ni nini.

— Wakili: Alafu wanafungwa kitambaa macho, waamue kesi na harufu. Mwongo hunuka, bwana!

— Jedidah: Basi wewe harufu yako ingefika mpaka Timau.

— Mbaabu: Nyamazeni niwaambie. Huyo jaji zamani alikuwa anatuuliza maswali kama mtu anakimbizwa. Sasa ametoka semina, akaniambia, "Kabla hujajitetea, niambie dada yako anataka nini. Akikataa, unaanza tena." Nikasema anataka nusu ya shamba. Makandi akasema hapana. Nikasema anataka kuniaibisha. Hapana. Nikaishiwa. Ikabidi nimuulize mwenyewe, hapo mbele ya watu.

— Methali: Akasemaje?

— Mbaabu: Anataka mahali pa kujenga, aache kuitwa mgeni kwa baba yake. Hiyo tu! Viazi vyangu hata hakuvitaka. Wazee, nililia. Miaka yote hiyo tunapitana njiani kama ng'ombe wa watu wawili.

Hakuna aliyemcheka. Mama yao ni jirani yangu, na nilikuwa nimechoka kumwona akienda kanisani peke yake huku ana watoto wawili wazima. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru na huyo jaji nisiyemjua.

— Wakili: Lakini hiyo ni elimu ya ng'ambo. Lazima kulikuwa na profesa.

— Methali: Maprofesa! Mmoja hawezi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Makandi mwenyewe alikuwa amesimama dukani akipimiwa mbegu ya kabichi, na alikuwa amesikia yote. Akageuka.

— Makandi: Hamjambo? Mimi nauliza tu. Nimepita hapa kila siku, na nyote mnanijua. Kwani kuniuliza kulitaka semina?

Mbaabu ndiye aliyesogea kwenye benchi, akamwachia dadake nafasi, akampa kikombe chake kikiwa bado moto.