Mama Wayua na Mabeseni Mawili ya Muthokoi

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mama Wayua Muindi anavua aproni baada ya kutupikia kwa miaka ishirini na sita katika shule yetu hapa Matinyani.

Alianza na mafiga matatu chini ya mabati yaliyotoboka. Sauti yake inafika getini bila kipaza sauti. Chai yake wanafunzi walidai haitofautishiki na maji ya moto. Alicheka nao, kisha akawaonya kwamba hilo neno si la mchezo.

Kwake halikuwa na maana ya kufanana tu. Mapacha wa Mwalimu Mutunga wanafanana, alituambia, lakini mama yao anawajua hata gizani. Kitu hakitofautishiki pale ambapo hata mama ameangalia akashindwa.

Tulimwelewa mwaka ule wa ukame. Mvua ya siku moja ilipenya paa la stoo, gunia moja la mahindi likaota kuvu. Akalitenga litupwe, maana sumu ya kuvu imezika watu huku kwetu, dada yake akiwemo. Mlinzi wetu Mutiso, katika kusaidia, akalipeleka pamoja na gunia zuri kwa akina mama wanaotwanga muthokoi, yaani mahindi yaliyotolewa maganda. Maganda yakatoka, kuvu ikatoka nayo, sumu ikabaki ndani. Mama Wayua alikuta mabeseni mawili, yote meupe pe.

Nilikuwepo. Aliangalia, akanusa. Akasema hayatofautishiki, basi. Mwalimu mkuu alimsihi aokoe walau beseni moja. Wazazi wakaja juu. Mjukuu wake Ndunge alikuwa kwenye foleni, sahani mkononi, hajala tangu jana. Mama Wayua akachimba shimo, akamwaga yote mawili, akafukia. Ndunge alimlilia njia nzima kwenda nyumbani.

Mpaka leo hatujui sumu ilikuwa kwenye beseni lipi.  Na sitaficha, naiogopa Jumatatu, jiko likiwa bila yeye.

Tangu siku ile alitufundisha tusiishie kuangalia mahindi, tuulize yametoka wapi. Ndunge sasa yuko chuo cha ualimu, na ndiye atakayembebea zawadi yetu: gunia moja la mahindi kutoka shamba la mkulima Muthoki kule Kanyangi, yaliyoanikwa juu ya turubai, hayakuonja mvua.

Asante, Mama. Tumeuliza. Nenda ukale bila hofu.