Kifuniko cha Difu ya Machano

Baada ya sala ya alasiri baraza yetu ya Mkunazini haikosi watu. Cherehani yangu ilikuwa mlangoni pa duka, nyuma yao, kwa hivyo hapakusemwa neno nisilisikie. Jumatatu ile, mwaka 1954, walikaa Mkadam, tuliyemwita Meli kwa kuwa ujana wake wote aliupitisha akichochea makaa melini, na Jaku Spana, fundi wa baiskeli na wa chochote chenye skrubu. Akaja Machano, dereva wa gari ya abiria ya shamba, iendayo Makunduchi, na gunia zito begani. Akatoa kifuniko cha chuma, duara kama sahani, akakiweka baina ya vikombe vya kahawa. Ndicho kinachofunika difu, yale meno yanayozungusha magurudumu ya nyuma.

Habari yake tulikuwa nayo. Jumatano iliyopita mafuta yalivujia hapo mpaka yakaisha, meno yakasagana, gari ikakwama karibu na Tunguu. Ndani alikuwamo Mwatum, ana uchungu wa kuzaa, mumewe Mcha anampeleka hospitali mjini. Walikaa njiani saa mbili nzima mpaka likapita lori la nazi. Mwatum alipona. Mtoto hakuwahi kulia.

— Meno mapya nshapata, alisema Machano. Kilichobaki hichi. Nambieni nizibe kwa kitu gani, kisivuje tena.

Jaku alipitisha kidole ukingoni.

— Karatasi nene. Uikate kwa umbo lake, uipake shelaki, ile vanishi ya seremala, huku na huku.

— Karatasi! alisema Meli. Mafuta ya moto yataila. Sisi melini tukitia bati jembamba la risasi.

— Hii si meli, bwana.

— Chuma ni chuma, Jaku.

— Basi gome la vizibo vya chupa. Linabonyea, linashika.

— Linakauka! Bora ngozi ya papa, uiroweke mafuta siku tatu.

— Papa? Kwa nini usimwambie akichomelee kabisa, kisifunguke maisha?

— Au difu aijaze grisi tupu, nzito, hata kifuniko kikianguka isitoke!

Walikuwa wakisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Machano akimtazama kila anayesema, kahawa yake hajaigusa. Jina la Mwatum halikutajwa na yeyote, na nafikiri ndiyo maana walishika kubishana juu ya ngozi ya papa.

Mara Mcha akatokea kwenye kona, anatoka hospitali, bakuli tupu mkononi limefungwa kitambaa. Machano akainuka nusu, asijue asimame au akae.

— Asalaam alaykum.

— Waalaykum salaam, tuliitikia. Karibu, Mcha.

Akakaa. Muuza kahawa akammiminia. Akakitazama kile chuma muda mrefu.

— Ndicho hichi?

— Ndicho, alisema Machano.

— Kilianza kuvuja lini?

Jaku akadakia: — Ukingo wake umepinda, unaona, mtu akikaza sana bolti...

— Namuuliza Machano.

Machano akateremsha macho.

— Tangu mwezi wa Mfunguo Mosi. Kila alfajiri nikiongeza mafuta kabla sijaondoka. Siku ile sikuongeza.

Meli alijikuna goti. Mimi nilikuwa nimesimamisha cherehani. Nilidhani Mcha atampiga, na hakuna ambaye angelimzuia.

— Hukuongeza kwa sababu mimi nlikukataza, alisema Mcha. Ulishashuka na kopo mkononi. Nkakupigia kelele: twende, Machano, mke wangu anakufa, wewe washughulika na mafuta! Hukuwaambia watu hilo?

— Hapana.

— Kwa nini?

— Gari yangu, alisema Machano. Kujua nlijua mimi.

Mcha akamgeukia Jaku, kwa kuwa ndiye fundi.

— Spana, kopo lile moja. Lingelitiwa, tungelifika?

Jaku akakichukua kifuniko, akakigeuza mbele, akakigeuza nyuma.

— Sijui, Mcha. Wallahi sijui.

Mcha akainywa kahawa yake yote, akarejesha kikombe.

— Mwatum wanamruhusu Alkhamisi, alisema. Ntakuja naye kwako, Machano.

— Utapanda gari yangu?

— Nipande ya nani? Kizibe tu vizuri.

Akaondoka. Kumbe Machano alikuwa analia, amekiinamia kile chuma kama anayekikagua. Jaku alikwenda kuleta nyundo na kipande cha kioo, akaugonga ukingo polepole, akiulaza juu ya kioo kila baada ya mapigo machache, mpaka ukakaa sawa. Mimi nilitoa karatasi nene ninayokatia ruwaza za makoti. Shelaki akaipata Meli kwa seremala jirani, na safari hii hakubisha.

Alkhamisi niliwakuta kituoni. Mwatum alikuwa amekaa kivulini, buibui limemfunika uso. Mcha aliweka mzigo chini, akalala chali chini ya gari na kanzu yake nyeupe, akapapasa difu kwa kiganja. Alipotoka Machano akamtazama mkono.

— Kukavu, alisema Mcha.

Machano alikuwa ameshika kopo la mafuta. Mcha akamngojea mpaka akamaliza kutia, kisha akaenda kumshika mkewe mkono wapande.