Argemiro Doria Anastaafu, na Bado Anamngoja Eliécer

Wapendwa wenzetu mlio karibu na mlio mbali, hamjambo? Vipi afya zenu, vipi watoto, vipi presha na magoti? Sisi wa Gereji ya San Roque hapa Lorica hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mto Sinú umejaa mpaka kwenye ngazi za soko, lakini haujaingia stoo, na hiyo nayo ni rehema.

Ndugu yetu Argemiro Doria, fundi umeme wa magari, anastaafu tarehe 30 Novemba baada ya kufanya kazi hapa miaka arobaini na mmoja. Tulimuuliza anataka zawadi gani. Wengine walikuwa wamewaza saa ya mkononi, wengine kiti cha kubembea. Yeye alifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja kama kawaida yake, akasema, “Nitafutieni habari za Eliécer. Kiti ninacho.”

Kwa vijana msiomjua, Eliécer Lozano alikuwa mwenzake wa meza moja tangu wote wawili wakiwa hawajaota ndevu. Alikwenda Maracaibo, ng'ambo ya mpaka, kutafuta maisha, kama walivyokwenda wengi wa hapa. Mwanzoni kila Krismasi alipiga simu ya gereji, na Argemiro alikuwa anakaa karibu nayo tangu asubuhi huku akijifanya anapanga fyuzi. Kisha mambo ya kule yakaharibika, simu ikanyamaza. Mtu mmoja anasema alivuka kwenda Peru, mwingine anasema yuko Ecuador. Hatujui. Ndiyo maana jarida letu safari hii halibandikwi ukutani tu. Tunalituma kila alipo mtu aliyewahi kushika bisibisi hapa kwetu.

Argemiro alianza kwa kuosha vyuma. Baadaye akapewa stata za boti za mtoni, kisha matrekta ya mashamba ya mpunga, mwisho akapewa meza yake chini ya picha ya Bikira wa Karmeli, na hapo hakuhama tena. Kabla ya kufungua boneti hufanya ishara ya msalaba. Mteja akija na maelezo marefu, yeye humsikiliza huku anachomoa waya hasi wa betri, akimwambia, “Endelea, bosi, mimi nazima tu kabla hujafika mbali.” Siku ya supu ya viazi vikuu na jibini, aipendayo kuliko yote, hakuna anayemtuma popote. Watatu kati ya mafundi wetu wa leo amewafundisha yeye, na mmoja wao ni binti, Yulieth, ambaye watu walimcheka mpaka walipoona magari yao yanawaka.

Lakini kazi inayotajwa hadi leo ni ya pikapu ya marehemu Eustorgio, mtangazaji. Mnajua mambo yetu. Mtu akifa, gari la matangazo ndilo linalopita kuwaambia watu saa ya maziko, na kama kuna aliyekuwa amenuniana na marehemu, gari husimama mlangoni kwake na kumwita kwa jina. Asipoitwa haendi, asije akaonekana amejialika mwenyewe kwenye msiba.

Kusimama huko ndiko kulikokuwa kunaimaliza betri. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma polepole, alteneta ya zamani, ile inayotengeneza umeme wa gari, haikuweza kulisha spika nne za juu ya paa, na sauti ya Eustorgio ilizama kama ya mtu anayesinzia. Basi Argemiro akapata alteneta kubwa kutoka kwenye gari la wagonjwa lililopata ajali, yenye kutoa umeme mara tatu ya ile ya kwanza. Yeye na Eliécer wakaifunga, wakakanyaga mafuta, spika zikalia hadi wauza samaki wakaanza kucheza. Padri alituma mtu kuuliza nani ameshinda uchaguzi.

Walichosahau ni nyaya. Waliacha zile zile nyembamba za kiwandani. Isitoshe, kila mwaka kabla ya sikukuu Eustorgio alikuwa anaipaka pikapu yake rangi ya mitumbwi, ile nzito ya buluu, nje na ndani mpaka chini ya boneti, ili unyevu wa mto usiile. Waya wa athi, ule unaourudisha umeme kwenye betri, walikuwa wameufungia juu ya rangi hiyo. Fundi wa Bogotá hawezi kufanya kosa kama hilo, kwa sababu Bogotá hakuna anayepaka gari rangi ya mtumbwi.

Haukupita muda akafariki mama Petrona Ballesteros. Maziko yalikuwa saa kumi jioni. Kaka yake, mzee Calixto, alikaa ng'ambo ya daraja na hawakuwa wamesemeshana kwa miaka mingi kwa sababu ya ua wa mpaka uliokuwa umesogezwa. Pikapu ikasimama mlangoni kwake juani, Argemiro na Eliécer wakiwa wamepanda nyuma ili wasikie kazi ya mikono yao. Eustorgio akashika kipaza sauti. “Familia ya Ballesteros inamwalika mazikoni bwana Cal…” Spika zikakoroma, zikanyamaza. Harufu ya plastiki ikatoka kwenye boneti.

Mzee Calixto alikuwa dirishani. Akasubiri kidogo, kisha akafunga dirisha.

“Mmeniua,” Eustorgio akasema. “Sasa atawaambia watu nimemkata kwa makusudi.”

“Tulia, mzee wangu, hujafa,” Eliécer akamjibu. “Ungekuwa umekufa nani angekutangaza na gari lako bovu?”

Argemiro hakucheka. Aligusa waya wa alteneta akautoa mkono haraka. Akakwaruza chuma kwa ukucha, akaona ile buluu. “Kaka,” akamwambia Eliécer, “tumemfungia mtu huyu athi kwenye rangi.”

“Wewe umefunga. Mimi nilishika tochi tu.”

“Basi kashike msasa.”

Jirani alikuwa na mashine ya kuchomelea vyuma, wakamwomba waya wake mnene, wakaukata vipande vitatu. Eliécer aliushika, Argemiro akabana vichwa vya shaba kwenye ncha zake kwa koleo kubwa, lile ambalo mmoja hushika na mwingine hubonyeza kwa uzito wa mwili wote. Wakapitisha waya mmoja kutoka alteneta hadi betri, wakatia fyuzi kubwa karibu na betri. Mwingine wakautoa kwenye injini hadi kwenye bodi, na wa tatu kutoka kwenye bodi hadi upande hasi wa betri. Kila mahali walipofunga bolti walikwaruza rangi mpaka chuma kikang'aa, wakapaka grisi kisipate kutu. Jua lilikuwa kali, saa nazo zilikuwa zinakwenda, na wapita njia walikuwa wanatoa ushauri wa bure. Mama mmoja aliuliza kama marehemu yuko ndani ya boneti.

Dirisha likafunguka tena. Mzee Calixto alikuwa amevaa shati jeupe.

“Ninyi,” akasema, “jina langu mmelimeza katikati. Limalizieni.”

Eustorgio akawasha injini, hakukanyaga mafuta, akamwita kwa jina lote, Calixto Rafael Ballesteros Hoyos, ndugu wa marehemu. Sauti ilivuka mto. Mzee akabaki amesimama, ameshika fremu ya dirisha.

“Mara nyingine,” akasema.

Wakamwita mara nyingine. Akatoka na kofia mkononi, wakampandisha mbele, na alifika kaburini kabla jeneza halijashushwa. Argemiro anasema hakuna malipo aliyowahi kupata yaliyomkaa moyoni kama ile “mara nyingine.”

Tangu siku hiyo hakuna alteneta kubwa inayotoka hapa bila nyaya tatu nene. Magari ya muziki ya sikukuu, lori la barafu, hata gari la wagonjwa la zahanati, yote yamefungwa hivyo hivyo. Wateja wabahili hulalamika kwamba walikuja kununua alteneta, si nyaya. Argemiro huwaambia wakainunue basi kwa anayeiuza pamoja na kiberiti.

Eliécer aliondoka mwaka uliofuata. Na hapa niwaambie jambo ambalo sisi tulio naye kila siku tunaliona. Kazi ya waya mnene inataka watu wawili. Lakini Argemiro, tangu mwenzake aondoke, huufunga waya kwenye jiliwa ya meza, kile chuma cha kubania, kisha anabonyeza koleo peke yake. Yulieth amemwambia mara nyingi, “Niushike, mjomba?” Humjibu kwa upole, “Jiliwa inatosha, binti.” Haitoshi. Waya huteleza, naye huanza upya. Yule binti siku hizi hamuulizi tena, ila husogea karibu na kupanga vitu ambavyo tayari vimepangwa.

Anatoka hapa kwenda Tunja, kwa bintiye Nurys, kule juu kwenye baridi. Nurys amemtayarishia chumba na amemtumia sweta la sufu, nalo alilijaribu katika joto letu hili tukacheka mpaka tukalia. Safari ameshaiahirisha. Kwanza alisema aende baada ya kustaafu tu, halafu baada ya Noeli, sasa amesema tarehe 15 Januari, na bintiye amemwambia hapo hapana tena kuongeza. Sisi tunajua anangoja nini. Simu inapolia stoo huinua kichwa, nami ninayeipokea nikisema ni mteja, hukirudisha kwenye kazi.

Argemiro, kaka yetu, asante. Asante kwa magari yaliyowaka asubuhi, kwa kutufundisha bila kututukana mbele ya wateja, kwa rozari uliyotuongozea mwaka ule wa mafuriko tukiwa juu ya meza. Mwenyezi Mungu akujalie uzee mwepesi, mifupa yenye joto, na majirani wa kucheka nao. Meza yako tutaifuta vumbi.

Na wewe, Eliécer Lozano, kama karatasi hii imekufikia Lima, Guayaquil au popote Mungu alipokuweka: hakuna anayekudai neno, hakuna atakayekuuliza kwa nini ulinyamaza. Uwe na kitu au huna, uwe mzima au unaumwa, sema tu kwamba upo. Yeyote mwingine anayejua alipo, amsomee haya. Namba ya gereji ni ile ile. Ila Argemiro angependa barua zaidi, maana anasema, simu ikikatika mtu hubaki na nini mkononi? Macho yake yamepungua na hataki kusomewa na mtu, kwa hiyo andika kwa herufi kubwa. Mstari mmoja unatosha. Tafadhali jibu upesi, kabla ya tarehe 15.