Meno Madogo

Tulitoka Siakago kwa Probox ya abiria. Mama mmoja fundi alisema anaenda Embu kununua wembe wa msumeno wa umeme, wa kukatia plastiki. Mzee Muchangi, abiria mwenzetu ambaye hakuulizwa, akamwambia, “Chukua ile ya meno madogo, ukate haraka.”

“Mzee, jana nilifanya hivyo na tangi ya mteja. Plastiki ilipata moto ikayeyuka. Kugeuka, imeshikana tena, imejishona nyuma yangu. Inataka meno makubwa, polepole.”

“Hukushika vizuri. Meno madogo.”

“Si nimekwambia inajishona?”

“Meno madogo, mama.”

Kila mama alipomkata kauli, mzee naye alijishona nyuma. Gari iliposimama Embu, mama alishuka bila kuaga. Mzee akanigeukia. “Wewe unaonekana msikivu,” akasema.