Paa Tuliloliezua Tukiwa Tumekaa

Benchi letu ni taruma la reli, ule ubao mzito unaolazwa chini ya vyuma vya treni, na hakuna anayekumbuka lilifikaje hapa, kwenye kona ya njia inayopanda kutoka bandari ya Kalemie, kando ya ziwa. Limewekwa juu ya matofali. Linakaa watu wanne wakipatana, watatu wakiwa wamenuniana. Pembeni Mama Adolphine anapika kahawa ya tangawizi, na ng'ambo ya barabara iko nyumba ya Papa Télesphore, ambaye tunamwita Chef de Gare, yaani mkuu wa stesheni, kwa sababu alifanya kazi stesheni tangu ana nywele mpaka hana. Nyumba hiyo alijengewa baba yake wakati wa Wabeleji. Paa lake lilikuwa na mabati arobaini na nane, yote mekundu kwa kutu, ishirini na manne mbele na ishirini na manne nyuma. Ninayajua vizuri, kwa maana kwa wiki tatu kijiwe hakikuzungumza kitu kingine.

Chef de Gare alikuwa amekusanya mabati mapya kwa miaka sita, moja moja, akiyasimamisha nyuma ya kabati la sebuleni. Yalikuwa yamefika thelathini na moja. Yalibaki kumi na saba. Mvua ya kwanza ilikuwa imekaribia, na seremala Blanchard alisema atakuja Jumatatu. Swali lilikuwa moja: aezue paa lote, au upande wa mbele tu? Ndani walilala yeye, mke wake Mama Immaculée mwenye mguu mgonjwa, na wajukuu wawili. Nyumba nyingine hawakuwa nayo. Jumamosi asubuhi akavuka barabara na kikombe chake mkononi, akakaa katikati yetu, akauliza kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo 'njo' ni 'ndiyo'.

Chef de Gare: Ba papa, ninawauliza mara ya mwisho. Nifunue yote, ao mbele tu?

Baromètre: Yote.

Huyu jina lake ni Salomon. Alibeba mizigo ya meli miaka mingi, akabaki na goti ambalo anasema linajua hali ya hewa kama baromita.

Virgule: Yote. Na hapo siongezi kitu.

Huyu ni Mwalimu Delphin, mstaafu. Tunamwita Virgule, yaani mkato, kwa sababu kwa kawaida huongeza kitu.

Chef de Gare: Lakini bati mupya njo thelathini na moja. Nikifunua yote, zingine kumi na saba nitatoa wapi?

Baromètre: Zitapatikana. Weye funua kwanza. Bati ya zamani na ya mupya haziwezi kukaa nyumba moja. Ile ya zamani nzito, ile ya mupya nyepesi. Upepo ya ziwa ikipita, nyumba itaegama kama mutumbwi yenye imebeba samaki upande moja.

Chef de Gare: Nyumba iko na musingi, Baromètre.

Baromètre: Sawa, acha upepo. Radi je? Radi ya Kalemie unaijua. Ikiona nusu inang'aa na nusu haing'ai, itafikiri ni nyumba mbili. Itapiga mara mbili.

Virgule: Musimutishe muntu na radi. Hii mambo ni ya shule. Jua ikiwaka, chuma inatanuka. Chuma ya Wabeleji inatanuka polepole, na heshima yake. Ile ya sasa inatanuka haraka. Zitavutana. Kisha miezi sita misumari itaanza kutoka yenyewe, tap, tap, tap, na Mama Immaculée atafikiri ni mvua.

Mama Adolphine: Na sauti je? Mvua ikipiga bati mbili za mbalimbali, inaimba sauti mbili. Nani atalala? Funua yote, Papa.

Hapo ningepaswa kushtuka. Mama Adolphine hajawahi kukubaliana nasi hata juu ya siku ya wiki.

Baromètre: Kuna kitu ingine yenye hawaambie watu. Hizi bati mupya, wanachanganya na lithium, ile madini ya Manono.

Virgule: Nani alisema?

Baromètre: Ninasema miye. Kwa nini zinakuwa nyepesi hivi? Ile njo kitu ya batri. Paa yote ikiwa mupya, unachaji simu bila kwenda kwa muntu. Ikiwa nusu, moto ya umeme inakimbilia ile nusu ya zamani, inafia pale.

Chef de Gare: Kumbe paa yangu itaniangazia.

Baromètre: Ikiwa yote. Ikiwa yote tu.

Virgule: Tena ukiisha kufunua, upandishe ukuta metre mbili. Ziwa imepanda hii miaka, tumeona wote. Ikifika kwako, munahamia juu ya plafond, juu ya dari, munafungua kidirisha, munavua samaki mukiwa mumekaa.

Chef de Gare: Mwalimu, miye niko juu ya kilima. Ziwa ikifika kwangu, kanisa na bandari viliisha kwenda.

Virgule: Njo vile kanisa na bandari pia walisema.

Tulicheka sote isipokuwa mwenye nyumba. Alikuwa anazungusha kikombe chake bila kunywa.

Chef de Gare: Muguu ya Mama Immaculée haiwezi kukimbia mvua. Nikifunua yote, mvua ikakuja Jumanne, nitamubeba nimupeleke wapi?

Baromètre akagusa goti lake, akafumba macho.

Baromètre: Mvua iko mbali.

Chef de Gare: Goti yako ilisema vile vile siku ya ndoa ya binti yangu Carine. Tulikula wali na maji.

Baromètre: Siku ile nilikuwa nimevaa suruali nzito.

Chef de Gare akanigeukia mimi, ambaye kijiweni husikiliza zaidi ya kusema, na kwa sababu hiyo wananidhani nina akili.

Chef de Gare: Na weye? Unasema nini?

Miye: Yote.

Nilisema nikiangalia ndani ya kikombe. Akatikisa kichwa polepole, akaweka chake chini.

Chef de Gare: Haya. Mumesoma kuniliko, mumetembea kuniliko. Jumatatu ninafunua yote.

Hakuna aliyeshangilia. Nilitazama lile paa jekundu, nikaona aibu kidogo, nikainywa na kahawa.

Ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama pembeni akatua beseni lake la sombe, majani ya muhogo. Hatukumjua. Alisema anaitwa Mama Evodie, ametoka upande wa Nyunzu kwa sababu ya vita, na sasa anakaa Katanika, kwenye kambi ya waliokimbia. Alikuwa amengoja tumalize kuongea.

Mama Evodie: Ba papa, mujambo. Munisamehe. Nimesikia munafunua ile nyumba. Bati ya zamani itaenda wapi?

Lilikuwa swali dogo. Baromètre akaanza kusugua goti. Virgule akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. Mama Adolphine akapepea makaa ambayo yalikuwa yanawaka vizuri tu.

Chef de Gare: Itaenda wapi? Zimeoza, Mama. Hawa papa wameniambia wiki tatu nzima zimeoza zote. Tutazitupa.

Mama Evodie: Mukizitupa, basi munitupie miye mbili. Ile plastiki walitupatia imetoboka. Imetobokea pale mama mukwe wangu analala.

Chef de Gare: Utakamata ata kumi, Mama. Utakamata zote.

Baromètre: Zote? Ngoja. Ngoja kwanza. Kuna zenye hazikuoza sana.

Chef de Gare: Zipi?

Baromètre: Kuna... sita hivi. Za mbele, upande ya mupapai. Zile nilikuwa nimeziwazia kwa jikoni yangu.

Virgule: Kama ni vile, na miye niseme. Nane za nyuma. Mbuzi zangu zinanyeshewa.

Mama Adolphine: Nne za juu ya mulango, musiziguse. Munakunywa kahawa kwa jua kila siku, nilitaka kuwafunika nyinyi wenyewe.

Chef de Gare akasimama.

Chef de Gare: Mwalimu. Ile chaki kwenye mbao za juu, ndani ya nyumba yangu. Njo weye?

Virgule: Nilitia alama tu. Kusudi tusisahau.

Inabidi nieleze. Bati zima na bati bovu huwezi kuyatofautisha ukiwa nje, kutu ni ile ile. Unaingia ndani saa sita, jua likiwa utosini, unafunga mlango na madirisha, unangoja macho yazoee giza, kisha unatazama juu. Bati bovu linaonyesha vitone vya mwanga. Zima linabaki jeusi. Nyumba ya Chef de Gare haina dari sebuleni, na kwa wiki tatu Mama Immaculée alikuwa akipata wageni saa sita kamili. Kila mmoja alikuja peke yake kumsalimia, akaulizia mguu, kisha akaomba afunge mlango kidogo kwa ajili ya upepo. Jumapili iliyopita mama yule alisimama kanisani, akamshukuru Mungu kwa majirani wanaompenda mgonjwa.

Chef de Gare: Njo sababu mulikuwa munakuja. Alifurahi sana. Alinipikisha chai niwatunzie.

Afadhali angetutukana. Akainama, akaanza kuandika kwa kidole kwenye vumbi, kwa utulivu, kama mtu anayepanga mabehewa.

Chef de Gare: Baromètre, sita. Ni nzima?

Baromètre: Haina tundu ata moja.

Chef de Gare: Mwalimu, nane. Mama Adolphine, nne. Kumi na nane nzima. Na miye zinanipunguka kumi na saba.

Akakaa akiziangalia hizo namba.

Chef de Gare: Basi paa yangu ilikuwa imetimia. Miaka sita ninafikiri haijatimia, kumbe iko juu ya kichwa yangu, na nyinyi munajua. Blanchard atafunua yote. Mupya atazipanga mbele, zitashukia na nyuma. Pale zitaishia, tutapigilia zile nzima za zamani. Inabaki moja. Mama, uliomba mbili. Nzima inabaki moja.

Mama Evodie: Moja ni vizuri, Papa. Itamufunika upande ya kichwa.

Nilimwona akilini yule mama mkwe wake asiyenijua, kichwa kikiwa kikavu na miguu ndani ya maji. Nikaweka kikombe chini.

Miye: Na miye ziko tatu.

Chef de Gare: Tatu?

Miye: Za nyuma, pembeni kabisa, zenye Mwalimu hakufikia. Kwa kuku zangu.

Chef de Gare: Ni nzima?

Miye: Nzima. Nililala chini kwa mukeka ya Mama Immaculée kusudi nizione vizuri.

Alinitazama muda mrefu kuliko alivyowatazama wengine. Nadhani alikuwa na haki.

Chef de Gare: Mama Evodie anakamata mbili. Zingine mbili ni akiba. Mwalimu, funga kinywa.

Virgule akavaa miwani.

Baromètre: Lakini ile radi...

Chef de Gare: Radi itatukuta pamoja kule juu. Jumatatu saa kumi na mbili ya asubuhi, kila muntu na nyundo yake.

Baromètre akakumbuka goti. Virgule akasema miwani yake haipendi kupanda. Mimi nikatafuta ugonjwa, nikakosa.

Mama Evodie: Miye sina nyundo, lakini misumari ya zamani ninajua kuinyoosha. Kwetu tuliezeka tena kanisa na misumari ya nyumba zenye ziliungua.

Baada ya maneno hayo magoti yote yakapona. Mama Adolphine akainamisha birika, likatoka tone moja.

Tulikuja sote. Blanchard alitupandisha mmoja mmoja akitucheka. Paa lilifungwa Jumanne jioni, sehemu linang'aa na sehemu jekundu, na mvua ilinyesha Alhamisi bila radi hata moja. Mama Evodie alikuwa ameshaondoka na mabati yake mawili juu ya baiskeli niliyomwazima.

Lakini ninachokumbuka ni Jumatatu saa sita. Nyumba ilikuwa wazi, mbao tupu, jua limejaa sebuleni mpaka nyuma ya kabati. Mama Evodie alikuwa peke yake kwenye benchi letu, ananyoosha misumari juu ya taruma. Sisi tulikuwa juu tukikaza mbao, miguu inaning'inia. Mama Immaculée alikuwa amekataa kwenda kwa jirani. Alikaa kwenye kiti chake katikati ya chumba, mguu juu ya kigoda, mwavuli begani. Akainua uso, akatutazama mmoja mmoja.

Mama Immaculée: Ba jirani, saa sita imefika. Leo hakuna muntu wa kunifungia mulango?

Tuliendelea kugonga misumari.