Simu ya Nakuja, Mtu wa Kompyuta wa Bohari ya Dawa

Jumatatu tarehe 9 Februari 2004, marehemu alibandika namba yake ya simu juu ya mlango wa chumba cha mitambo katika bohari ya dawa alikoajiriwa wiki hiyo, na tangu siku hiyo simu yake haijapata kuzimwa. Vifaa vimebadilishwa, laini ni ileile. Karatasi iligeuka manjano, mtu akaivika plastiki, ikaendelea kukaa pale. Wafanyakazi wengi waliikariri namba ile, wakiwemo wasiokumbuka namba za wake zao. Mwenyewe walimwita Nakuja, kwa sababu hakupokea simu kwa "haloo". Alisema, "Usiguse kitu. Nakuja."

Alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1971, kifungua mimba wa fundi bomba na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Baada yake walifuata wadogo zake wa kike wawili. Mama yake, ambaye yuko nasi hapa leo, anasema hakuwa mtoto wa kulialia, ila usingizi wake ulikuwa mwepesi kama wa paka. "Ukipita tu mlangoni, kakaa kitako, macho kodo. Nilikuwa nikimwambia, mwanangu, lala, hakuna aliyekuita."

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani kati ya mwaka 1979 na 1985, kisha sekondari hadi 1989. Akiwa kidato cha pili, kengele ya umeme ya shule ilikwama ikalia asubuhi nzima. Walimu waliifunika blanketi, ikaendelea kulia chini ya blanketi. Yeye aliifungua, akasafisha kutu, ikanyamaza. Mwalimu mkuu alifurahi, akamkabidhi kengele hadi amalize shule. Tangu hapo, wenzake walipokuwa uwanjani wakipiga mpira, yeye alikuwa amekaa chini ya kengele akiangalia saa, na wenzake hao walimnunia kila alipowarudisha darasani. Mwaka 1992 alihitimu stashahada ya elektroniki katika chuo cha ufundi.

Kazi ya kwanza aliipata mwaka 1993, katika kampuni ya kutengeneza mashine za ofisi. Kazi hiyo ndiyo iliyomkutanisha na mkewe, aliyekuwa karani wa idara ya maji. Siku moja mwaka 1995 aliitwa kwenda kuona mashine ya kuchapa ya karani huyo, iliyokufa ghafla. Waya wake ulikuwa umelala sakafuni, umechomolewa. Marehemu aliuona tangu mlangoni. Hata hivyo aliketi, akafungua mfuniko, akapuliza vumbi, akapaka mafuta, akauliza habari za kazi, za nyumbani na za hali ya hewa, ndipo akainama na kuchomeka waya bila kusema neno. Walipokuwa wamekwisha kuchumbiana, mchumba wake alimuuliza:

"Ule waya uliuona?"

"Niliuona."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ningekaa pale kwa sababu gani?"

"Basi ujue ni mimi niliyeuchomoa."

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 23 Novemba 1996 na kujaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume.

Tabia ile ya kutomwaibisha mtu ndiyo aliyoingia nayo bohari. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, ambako zamani yaliwekwa mafagio na ndoo, na harufu ya sabuni haikutoka hata seva zilipoingia. Kila Ijumaa mchana mtandao ulikatika, na ghorofa zote tatu zikapaza sauti: "Nakuja! Mtandao umelala tena!" Alipochunguza, aligundua kwamba msafishaji alikuwa akichomoa seva ili achomeke mashine ya kung'arisha sakafu. Hakumshtaki. Alimwita fundi umeme akaweka soketi kwenye ukumbi, kisha akamwambia msafishaji, "Kaka, hii ni yako peke yako, mtu asikuingilie." Yule bwana aliihesabu kuwa heshima kubwa. Mpaka leo anaifuta kwa kitambaa.

Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa ya namna hiyo. Printa iliyolishwa karatasi yenye pini. Chai ndani ya kibodi, na mwenye chai akiapa kuwa ni unyevu wa hewa. Meneja aliyesahau neno lake la siri kila alipotoka likizo, na aliyechagua jipya kwa kulisema kwa sauti mbele ya ofisi nzima. Alisimamishwa kwenye korido, kwenye foleni ya benki, kwenye mlango wa choo. "Nakuja, samahani, ni kadogo tu." Kwa kawaida hakakuwa kadogo. Alirudi nyumbani amechoka, akaiweka simu karibu na sahani, na mkewe akajifunza kupika vyakula visivyoharibika vikipoa.

Kosa lake kubwa la kikazi alilifanya mwaka 2014. Mwaka huo mifumo ya bohari ilianza kudai uthibitisho: kila asubuhi, kabla mtu hajaingia kwenye hesabu au kwenye stoo, mfumo hutuma namba ya siri kwa simu moja iliyosajiliwa. Bohari haikuwa na laini yake. Malori ya hospitali yalikuwa yamejipanga getini, madereva wanapiga honi, na marehemu akasajili laini yake mwenyewe. "Ya muda tu," alimwambia mhasibu mkuu, "mpaka ofisi ipate yake." Kisha akasajili laini hiyohiyo kwenye mfumo wa pili, na wa tatu, maana ilikuwa imekwisha kuwepo. Aliomba laini ya ofisi. Meneja akasema, "Tutaliangalia." Meneja huyo alihamishwa, aliyemfuata naye akaliangalia.

Kwa hiyo kila asubuhi mhasibu mkuu alipiga simu. "Nakuja, imefika?" Naye akamsomea namba. Alizisoma akinyoa ndevu, akiwa kwenye kiti cha daktari wa meno mdomo umejaa pamba, na mwaka 2019 alizisoma kando ya kaburi la baba yake, ameupa umati mgongo. Walipofika nyumbani, mkewe alimuuliza:

"Baba watoto, hata leo?"

"Ningezima, zahanati ngapi zingekosa dawa?"

"Sikuulizi habari za zahanati. Nakuuliza wewe."

Hapo akamwahidi. Siku ya kustaafu angeizima ile simu mbele yake, yeye awe shahidi, halafu wakae wawili wasikilize kimya. Mkewe alicheka. "Kimya utakijulia wapi wewe? Utadhani mtandao umekatika." Lakini mke hakuisahau ahadi ile, na kila mwaka mpya alimkumbusha mumewe.

Dalili za ugonjwa wa moyo zilianza mwaka 2022. Miguu ilimvimba, pumzi ikawa fupi. Alianza kuketi kwenye ngazi kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, ameshika waya mkononi kana kwamba anaukagua, hadi kifua kitulie. Watu walimruka, wakamsalimu, wakaomba awapitie akimaliza. Agosti 2023 daktari alimwambia moyo umetanuka na kwamba apumzike. Aliomba likizo ndefu, akaambiwa amfundishe kwanza mtu wa kushika nafasi yake. Mtu huyo hakuletwa.

Alilazwa tarehe 20 Januari 2025. Simu alikuwa nayo chini ya mto. Muuguzi wa zamu ya asubuhi alimjia juu: "Baba, zima hiyo kitu, moyo wako unataka utulivu."

"Dada yangu, nikiizima, wanaowaletea ninyi dawa hawataingia kazini."

"Kwa hiyo wewe ndiye ufunguo?"

"Ndilo kosa langu hilo."

Muuguzi aliichukua akaiweka kwenye mtetemo na kumkabidhi mkewe. Kuanzia hapo namba alizisoma mke, akiwa amesimama kwenye korido ya wodi. Mume alimtania kwamba, siku ile ya kustaafu watakapoizima, shahidi mmoja hatatosha, afadhali waite na wengine.

Jumanne tarehe 11 Februari 2025, asubuhi, alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Mkewe alikuwa bado ameshika mkono wake simu ilipotetemeka mara mbili: kwanza namba, kisha mhasibu mkuu. Alipokea. Alimsomea namba polepole, tarakimu moja baada ya nyingine, akasubiri hadi mhasibu aseme imekubali. Ndipo akamwambia, "Sasa shemeji, mwenye simu hayupo tena."

Meneja alikuja kutoa pole jioni hiyo. Alipomaliza, aliomba simu iachwe hewani kwa muda.

"Muda gani?" mjane aliuliza.

"Muda tu, mama, tujipange."

"Mume wangu naye alisema hivyohivyo, mwaka 2014. Ni mpaka Jumamosi, tukishamzika. Zaidi ya hapo sina."

Keshoye ofisi ikawa na laini yake. Siku mbili zilizofuata mhasibu mkuu alikaa sebuleni kwa marehemu kati ya waombolezaji, kompyuta mapajani, akihamisha mfumo mmoja baada ya mwingine kwenda kwenye laini hiyo, mjane akimsomea namba kutoka upande wa pili wa chumba, na wageni wakidhani ni sehemu ya maombi. Jana alasiri walimaliza yote wanayoyajua. Kama kuna yaliyobaki, aliyeyajua ndiye tunayemsindikiza.

Marehemu ameacha mama mzazi, mke, binti anayefanya kazi ya ukunga, mwana ambaye ni fundi wa majokofu, mjukuu mmoja wa kiume, na wadogo zake wa kike wawili. Ameacha pia ghorofa tatu za watu ambao wiki hii wamejikuta wakiita jina lake ngazini.

Mungu amjalie usingizi ambao hakuna atakayemwita kutoka ndani yake.

Simu iko ndani ya mkoba wa mkewe, na bado inawaka. Udongo ukishasawazishwa, atakwenda kusimama upande wa kichwani, mahali ambapo mumewe angemwona, na ataizima. Wote mnaombwa mkae kimya kidogo pamoja naye kabla ya kutawanyika.