Pikipiki ya Papa Tuakeu

Ijumaa hiyo asubuhi, kwenye benchi la kahawa kando ya bandari ya Avarua, walikuwapo watu wanne na mtoto. Vainerere mwenye kahawa alikuwa nyuma ya meza yake. Ioane, dereva wa basi linalozunguka kisiwa kwa upande wa mishale ya saa, ambaye Rarotonga nzima inamwita Dira, alikuwa hajaanza zamu. Mzee Maara, fundi wa injini za boti aliyestaafu, jina la kijiweni Kutu kwa sababu kila kitu anachokitazama anakiona kina kutu, alikaa pembeni. Wa nne alikuwa Tepaeru, mama wa miaka ishirini na minne, na mapajani kwake bintiye Inangaro, aliyekuwa amepewa andazi na Vainerere bila kuomba. Mama Tereapii alifika baadaye, na ndiye aliyelinyamazisha benchi.

Tepaeru alikuwa amekuja na ombi moja. Jumatatu alitakiwa kuanza kazi ya kuoka mikate katika hoteli moja kule Muri, saa kumi na moja alfajiri. Basi la kwanza huondoka saa moja. Bila usafiri wake mwenyewe, kazi hana. Leseni anayo, ila hajawahi kumiliki hata baiskeli. Sasa Mama Tereapii wa Titikaveka alikuwa anauza pikipiki nyekundu ya marehemu mumewe, Papa Tuakeu, yenye miaka ishirini na miwili. Mwaka mzima tangu mazishi ilikuwa imesimama mbele ya nyumba, ubavuni mwa kaburi la mwenyewe. Mkodishaji mmoja wa pikipiki aliitaka aifungue auze vipuri, na mchana ule ndio alikuwa anaifuata.

— Papa Kutu, nakuomba twende ukaniangalizie, alisema Tepaeru. Mimi injini siijui. Nikikosea hapa, sina pa kukosea tena.

Kutu alipuliza kahawa yake.

— Siendi.

— Kwa nini, Papa?

— Pikipiki ya miaka ishirini na miwili kwenye kisiwa hiki si pikipiki, mwanangu. Chumvi imekula chuma, imebaki rangi. Rangi imeshikana na rangi. Ukipiga chafya unabaki umekalia plagi.

— We Kutu, alisema Vainerere, hata kikombe changu juzi ulisema kina kutu. Kikombe cha udongo.

— Kilikuwa na dalili.

Dira akasogea mbele. Yeye akianza kuzungumzia barabara, hata kahawa huiweka chini.

— Kutu hasemi lililo kubwa. Marehemu alikuwa msoma mita za umeme. Kila siku alizunguka kisiwa chote, na kila siku kwa upande wangu, upande wa saa. Sasa hesabuni wenyewe. Ukienda upande wa saa, bahari iko kushoto. Miaka yote hiyo ubavu wa kushoto umepigwa upepo wa bahari. Na cheni iko upande gani?

— Kushoto, alisema Tepaeru polepole.

— Unaona? Kulia pikipiki, kushoto chumvi tupu.

— Mimi ndani ya basi lako nakaa kushoto, alisema Vainerere. Na mimi nimeoza?

— Wewe unafunga dirisha. Na si hilo tu. Ukizunguka upande wa saa unakata kona za kulia, kulia, kulia. Miaka ishirini na miwili. Tairi zimelika upande mmoja, usukani umeshazoea. Ukiiachia inakwenda kulia yenyewe, kama ng'ombe anayerudi zizini.

— Nyumbani kwangu Matavera, alisema Tepaeru. Kazini Muri.

Dira akafumba macho kuiona barabara.

— Kwenda ni sawa, dakika kumi. Kurudi ndiyo shida. Haitakubali kugeuka. Itabidi uendelee mbele, Titikaveka, Arorangi, upite hapa, ndipo ufike kwako. Kila siku kisiwa kizima.

— Basi nitakuwa napita kunywa kahawa, alisema Tepaeru, na mwenyewe akacheka. Alikuwa amewaza kwamba kazi ile ndiyo itakayowatoa yeye na mtoto katika chumba cha nyuma kwa shangazi yake. Aliwapenda watu hawa wa benchi, lakini hakuna aliyekuwa anasimama kwenda kuiona hiyo pikipiki.

Kutu akaongeza lake.

— Halafu Tuakeu alikuwa na kilo mia na thelathini. Shokapu zimejipanga kwa mtu wa namna hiyo. Ukipanda wewe, mwepesi kama kuku wa mashindano, itakuwa inarukaruka. Mtoto utamwokota kwa jirani.

— Na kuimba je? aliuliza Dira.

— Kuimba nini?

— Alikuwa anaimba akiendesha. Sauti nzito, nyimbo za kanisani. Nikimpita na basi sisikii injini hata kidogo, nasikia besi tu. Injini imekua na sauti ile. Hii sasa yatima. Utaipigia kiki wee, haitakujibu mpaka uimbe.

— Mimi naimba sauti ya kwanza, alisema Tepaeru.

— Basi hapo itazimika kabisa.

Vainerere alicheka mpaka akashika meza. Kutu hakucheka. Alikuwa anakisugua kidole gumba kwa kitambaa, ukucha mweusi wa mafuta yasiyotoka.

— Habari za kuimba ni upuuzi, alisema. Ile inawaka kiki ya tatu. Si ya kwanza, si ya pili. Uilaze kidogo kushoto, halafu ya tatu. Lakini usiinunue. Mwache huyo mkodishaji aichukue, yaishe.

Tepaeru alimtazama. Mzee alilisema hilo la mwisho kwa uchungu, kama mtu anayeomba jino ling'olewe haraka. Tena alisema inawaka. Hakusema ilikuwa inawaka.

Inangaro alikuwa amemaliza andazi na kuanza kumlisha Kutu makombo. Mzee alikuwa anayapokea moja moja na kuyala, kwa heshima zote, bila kuacha kukunja uso.

Hapo ndipo Mama Tereapii alipowasili. Alivaa kofia yake ya kusuka, na mkononi alikuwa na shada la maua alilolisuka mwenyewe. Wote walisogea, hata Dira alisimama kumpisha.

— Mama, karibu kahawa, alisema Vainerere.

— Nitakunywa, mwanangu. Imebaki?

— Vikombe viwili vya mwisho.

Mama Tereapii alikaa, akashusha pumzi.

— Tepaeru, umeamua?

— Naogopa, Mama. Imekaa mwaka mzima pale nje. Wanasema imekufa.

— Nani anasema?

Benchi zima likatazama bahari.

— Haijafa, alisema Mama Tereapii. Ndiyo maana nimekuja hapa kabla yule wa vipuri hajafika. Kabla haijatoka kwangu, nataka kumshukuru mtu, na simjui. Nyinyi hapa mnajua kila kitu, nikasema nitawauliza nyinyi.

— Uliza tu, Mama, alisema Dira, akijinyoosha.

— Sisi upande ule ni Wasabato. Jumamosi asubuhi mtaa mzima tuko kanisani, nyumba ziko wazi, hakuna mtu. Kila Jumamosi nikirudi naikuta imefutwa inang'aa, cheni ina mafuta mabichi, na nikiigusa injini, ina joto. Petroli haiishi. Mwaka mzima. Na kaburi la mume wangu nalikuta limefagiwa. Ni nani anayefanya hivyo?

Dira alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake ikatoka hewa tu. Vainerere alishikilia birika hewani.

Kutu aliinua kikombe chake akanywa. Tepaeru, aliyekaa karibu naye, aliona kwamba kikombe kilikuwa kitupu. Mzee alikiinua tena, akanywa tena. Ule ukucha mweusi ulikuwa mbele ya macho ya Tepaeru kabisa.

Akaelewa. Mzee hakuwa anamtakia mabaya. Pikipiki ikiondoka, atakuwa na sababu gani ya kwenda kukaa na rafiki yake Tuakeu kaburini Jumamosi? Na aende kuikagua mbele ya mjane, aiwashe kwa kiki ya tatu, si atajulikana? Heri ifunguliwe vipuri iishe, kuliko kuiona kila siku barabarani chini ya mtu mwingine.

Angeweza kusema. Badala yake akamfuta mtoto mdomo.

— Mama, alisema, mimi naichukua. Ila nina ombi. Jumamosi siendi kazini. Kila Ijumaa jioni nitaileta niiegeshe pale pale ilipozoea, ubavuni mwa Papa, na Jumapili nitaifuata. Shangazi atanipa lifti. Naogopa ikikaa kwangu Jumamosi itapata upweke.

— Pikipiki ipate upweke? alisema Dira. Na mnasema mimi ndiye ninayetunga mambo.

Mama Tereapii alimtazama Tepaeru. Kisha macho yake yalipita polepole kwenye benchi, yakafika kwenye kikombe kitupu, yakatulia pale kidogo. Alisimama, akamvika Kutu lile shada la maua.

— Nililisuka kwa ajili ya huyo mtu, alisema. Lakini kwa kuwa hajulikani, livae wewe, Maara, lisije likanyauka bure. Na kahawa yangu mpe yeye, Vainerere. Ya kwake imekwisha zamani.

Kutu aliinamisha kichwa ndani ya maua. Aliposema, alimwambia mtoto, si mama yake.

— Mwambie mama yako kiki ya tatu. Ailaze kushoto. Na asiipige kwa hasira, haipendi.

— Kiki ya tatu, alisema Inangaro.

Birika lilikuwa limekauka, na Dira alikuwa amechelewa basi lake mwenyewe.

Huu ni mwaka wa tatu Tepaeru anaoka mikate Muri, na hajawahi kununua mafuta ya cheni.